Siku Tuliyompoteza Pongo

Risasi zetu zilinuka majani ya chai. Baba alizihifadhi kwenye kopo la chai lililopauka rangi, na kila alipolifungua ilitoka harufu kavu ya majani, imechanganyika na mafuta ya bunduki na shaba iliyoanza kuota ukungu wa kijani. Zilikuwa ndogo, nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho, za aina ya zamani ambayo hata wakati ule hakuna aliyeiuza tena mjini kwetu Muyinga. Kopo hilo na bunduki yake tuliachiwa na Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa, ambaye Baba alimshonea nguo kwa miaka mingi. Vita vilipoanza alifunga duka, akapakia familia yake kwenye gari, akamwambia Baba amtunzie bunduki mpaka atakaporudi. Hakurudi. Baba, fundi cherehani ambaye hakuwahi kugombana na mtu hata sokoni, akabaki na silaha chini ya kitanda katika miaka ambayo watu walichukuliwa majumbani mwao kwa sababu ya panga tu.

Kiangazi kile nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Barabara zilikuwa hazipitiki, ng'ombe wa vilimani walikuwa wameibwa au wamefichwa, na mdogo wangu alikuwa ameanza kuvimba miguu kwa kula mihogo mitupu. Ndipo Baba alipoanza kwenda porini, upande wa mto Ruvubu, kutafuta pongo, yule swala mwekundu mwenye madoa meupe anayependa kujificha kwenye vichaka vya mabondeni. Alinichukua mimi kwa sababu macho yake yalikuwa yameharibiwa na sindano, na mimi niliweza kuona tone la damu kwenye jani kabla hajaona jani lenyewe. Mama alikataa, akalia, kisha akanifunga mtandio wangu vizuri kichwani, akatuacha twende.

Risasi ile ndogo haikumwangusha pongo. Ilimtoboa tu. Mnyama aliruka, akabweka kama mbwa, akakimbia, nasi tukamfuata kwa saa nzima au zaidi, mpaka tulipomkuta amelala ubavu na macho yake bado yako wazi. Baba alimwelekeza kibla, akasoma bismillahi, akamchinja. Alisema ni heri risasi iwe ndogo, nyama isiwe haramu. Nilikuwa nimeona jinsi mnyama alivyotutazama tulipokaribia. Paja moja la nyuma lilikwenda kila mara kwa jirani yetu, baba yake Zaina, aliyebeba ndizi za watu kwa baiskeli. Alilipokea bila kuuliza limetoka wapi, na Zaina, ambaye tulikaa naye mkeka mmoja madrasa, hakuuliza pia.

Mara ya nne tulipokwenda, pori lilikuwa kimya kupita kawaida. Hata ndege hawakulia. Baba alimwona dume kando ya mafunjo, akalenga, risasi ya kwanza ikakataa kulia, ya pili ikatoka. Pongo akapotea majanini. Nilianza kufuata matone: moja kwenye nyasi, moja kwenye jiwe, kisha hatua ishirini bila kitu, kisha jingine. Tulipovuka kijito, damu ikaongezeka ghafla. Sasa ilikuwa madimbwi madogo, meusi, na nzi wameshafika.

"Imempata vizuri," Baba akasema kwa furaha.

Lakini mimi nilikuwa nimesimama mbele ya mti mwembamba. Kwenye gome lake, usawa wa kifua changu, kulikuwa na alama ya kiganja. Vidole vitano, vya damu. Nikamvuta Baba kanzu.

"Musisogee," mtu akasema.

Alikuwa ameketi kati ya mizizi, kijana mdogo tu, bunduki kubwa juu ya magoti na suruali imelowa kuanzia pajani. Shati lake lilikuwa la kijeshi, viatu vyake vya raia. Mpaka leo sijui alikuwa wa upande gani.

"Ni we unanifuata?"

"Hapana, mwanangu," Baba akajibu. "Mi nafuata pongo."

"Nionyeshe risasi."

Baba akafungua kiganja. Yule kijana akachukua moja, akaigeuzageuza juani.

"Na hii unaua pongo?"

"Inamjeruhi tu. Halafu ninamfuata."

Kijana akatazama mguu wake, akacheka kidogo, kicheko kilichomuuma. "Basi mi na pongo wako leo iko na bahati moja. Muko na maji?"

Alikunywa kibuyu chote. Kisha akanyoosha kidole kwenye kichwa changu, akaomba kile kitambaa. Baba aliuvua mtandio wangu wa kijani, akaufunga juu ya jeraha kwa mikono ile ile iliyoukata na kuupinda, akakaza mpaka kijana akauma mkono wa shati.

"Hamukuniona," akatuambia.

"Hatukukuona," Baba akasema.

Pongo tulimwacha na risasi yake mwilini. Kijitoni Baba aliitupa bunduki penye kina, kisha kopo, akasimama mpaka mapovu yakaisha. Tulipofika nyumbani hakunawa, hakula. Aliketi kwenye cherehani, akakata kitambaa kingine cha kijani, akashona mtandio mpya. Mama aliufua kwa majivu mara tatu ili uonekane wa zamani. Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Nilielewa.

Siku ya tatu wanajeshi walikuja madrasa. Mkubwa wao alikuwa ameshika kitambaa kilichokakamaa kama ngozi kavu, akasema kimetoka kwenye maiti. Walikuwa wametoka sokoni, kwa Baba, walikomuuliza ni nani anashona hii, naye akajibu ukweli: ni yeye, na kila msichana wa madrasa anao. Ustadhi alitupanga mstari ukutani. Yule mkubwa alipita taratibu. Kwangu akasimama, akashika pindo, akalisugua kwa kidole gumba. Nilinusa majivu. Nikahisi mkojo ukinitiririka mguuni, na nadhani aliuona, kwa sababu alitabasamu, akaenda kwa msichana aliyefuata.

Huyo alikuwa Zaina. Kichwani alikuwa na kipande cha kitenge.

"Wako iko wapi?"

"Maji yaliuchukua," Zaina akasema. "Nilikuwa nafua kijitoni."

"Voilà, ndiye huyu," yule mkubwa akasema. "Baba yako ni nani?"

Walimchukua baba yake kutoka kwenye baiskeli, ndizi zikabaki barabarani. Siku mbili Baba alikaa mlangoni amevaa viatu, kama mtu anayetaka kutoka. Hakutoka. Mama alikuwa amemshika mkono, na mimi, Mungu anisamehe, niliomba asiuachie. Siku ya tatu baba yake Zaina alirudi mwenyewe kwa miguu. Vidole vya mkono wake wa kulia havikukunja tena maisha yake yote. Alipitia kwetu kabla ya kwenda kwake, akasimama uani.

"Mi nilikuona ukienda porini siku ile," akamwambia Baba. "Sikusema. Sasa hameni, sababu wakinirudia, sijui."

Baba akapiga magoti. Yule mzee akaondoka kabla Baba hajasema neno.

Tulihamia Gitega kwa shangazi, na huko Baba akashona mpaka akafa, bila kurudi Muyinga hata mara moja. Mimi nauza vitambaa Gitega, mji ambao sasa una wizara na pikipiki zinazopiga honi tangu asubuhi, na watoto wangu wanabishana siasa mezani kwa sauti ambayo zamani ingetuua. Mwaka jana nilisikia baba yake Zaina amefariki, nikaenda kutoa pole. Nilimkuta Zaina jikoni akichambua mchele. Nikaketi karibu yake, nikamweleza yote: mti, kijana, mtandio, majivu.

Hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe kwenye ungo.

"Dada," akasema mwishoni, "miaka yote hii mi nilijua ni kosa langu. Sababu nilipoteza mtandio. Mama alinipiga, nikaona ni haki."

Tulikaa hapo mpaka mchele ukaisha. Enzi zile tulinyamaza ili tusife, na sina wa kumlaumu. Lakini vita vilikwisha, wanajeshi wakaondoka, barabara zikafunguka, na mimi nikaendelea kunyamaza miaka mingi zaidi, wakati safari ya kutoka Gitega hadi Muyinga ni ya siku moja tu, na nauli nilikuwa nayo.