Baridi ya Karani

Jirani yake Dama hapa Chaani ni karani wa ghala anayeishi kisultani. Amepachika kasha la kiyoyozi kwenye ukuta wa barabarani, gofu tupu alilolitoa kwa wauza vyuma chakavu, na madirisha hayafungui kamwe, eti baridi isitoroke. Kila jioni husimama mlangoni kavaa sweta, akisugua viganja: “Wallahi, dada Dama, baridi ya ndani itaniua!” Huku jasho lamchuruzika shingoni.

Jana makinda ya kunguru yalilia ndani ya kasha.

“Na sauti hiyo?” Dama akauliza.

“Gesi imepungua,” akajibu bila kupepesa macho.

Papo hapo mkewe akapaza sauti kutoka ndani: “Baba Asmaa, nafungua dirisha! Mtoto afa kwa joto!”

“Ngoja kwanza,” akasema karani, akafunga kifungo cha juu cha sweta, akasubiri Dama apite.