Pampu ya Oksijeni Iliyohama Buterere

Saa moja asubuhi, mbele ya karakana yake ya friji mtaani Buyenzi, Amissi Radjabu ameinama juu ya mashine inayonguruma. Ncha ya bisibisi ameigusisha kwenye pampu, mpini ameukandamiza sikioni, macho ameyafumba. Jirani yake anayeuza vioo vya magari anamtania kwamba leo fundi amepigiwa simu na bati. Amissi hacheki.

"Bado inakohoa," anasema, anaizima.

Ana miaka hamsini na mbili, na ishirini na sita kati ya hiyo ameimaliza kwenye friji. Siku nzuri anapata faranga elfu ishirini. Siku mbaya anarudi nyumbani na grisi tu. Mashine hii haigandishi samaki. Inavuta hewa ya chumbani, inaichuja, inampa mgonjwa oksijeni. Hakuna aliyemwagiza aitengeneze, na hakuna atakayemlipa.

Miaka miwili iliyopita kliniki moja ya binafsi ilimwita. Mashine yao ya oksijeni ilikuwa imekufa pampu, na mpya ingechukua miezi mitatu kufika kutoka ng'ambo. Amissi akafanya kama Buyenzi wanavyofanya siku zote: kipuri kikikosekana, unatafuta mashine mfu ya aina hiyo na kung'oa kilicho kizima. Aliipata kwa mnunuzi wa chuma chakavu, katikati ya vitanda vibovu. Ilikuwa ya bluu, gurudumu moja limefungwa kwa waya. Risiti ya mauzo ilikuwepo, kila kitu halali.

"Nilipoifungua nikaona pampu ni nzima kabisa. Filtre tu, hiki kichujio cha hewa, ndiyo iliziba, vumbi tupu," anasema. "Mi nikafurahi. Sikuuliza ilitoka wapi. Huku kwetu ukianza kuuliza kipuri kilitoka wapi, utafunga garage."

Kliniki ilimlipa laki tatu na kumsifu. Kichwa kikamvimba kwa wiki nzima.

Aprili mwaka huu maji ya mafuriko yaliingia mtaa wa Buterere, alikoolewa binti yake Lubna. Mtoto wa Lubna, wa miezi minane, akashikwa na nimonia. Amissi aliwakuta kwenye kituo cha afya cha umma cha huko. Kwenye kitanda cha pili alikaa Adélaïde, mkulima wa mpunga, amempakata mtoto wa rika hilohilo. Watoto wote wawili walikuwa wanahema kwa taabu, midomo imegeuka rangi.

Muuguzi, Dative, hakuwazungusha.

"Matibabu ya mutoto mudogo ni bure, muzee. Dawa niko nazo. Oksijeni ndiyo sina."

"Hamukupewa mashini?"

"Tulikuwa na moja. Ilikosa filtre. Tuliandika barua ya kwanza, ya pili, ya tatu, feza hazikutoka. Ikakaa mu dépôt, mu stoo, mwaka muzima, halafu ikauzwa pamoja na vitanda vibovu. Ilikuwa ya bluu. Roue moja tuliifunga na waya."

Amissi aliitambua mashine hiyo. Waya ule aliukata mwenyewe, kwa koleo lake.

Teksi ya kuwapeleka kwenye kliniki ya binafsi ilikuwa na nafasi. Alimwambia Adélaïde apande.

"Na nikifika nitawapa nini, muzee?" mama yule akamuuliza.

Akabaki. Gari la kumpeleka mtoto wake hospitali kubwa lilifika saa nane mchana. Mtoto alikuwa amefariki saa sita.

Kliniki ilitaka laki tano kabla ya kumgusa mgonjwa. Mafundi wa Buyenzi walichanga kwa simu, mjukuu akawekewa bomba puani. Lilitoka kwenye mashine ileile ambayo Amissi aliifufua. Mtoto alipona kwa siku nne na faranga laki tisa, akivuta hewa kwa pampu ya kituo alichotoka.

Filtre iliyokosekana Buterere bei yake ni elfu thelathini na tano. Ukiambiwa hivyo unadhani hukusikia vizuri, unauliza tena. Jibu ni lilelile. Fedha ya umma iliona elfu thelathini na tano ni nyingi, na mifuko ya watu ikatoa laki tisa kwa mtoto mmoja, huku mwingine akizikwa.

Wiki iliyofuata Amissi alirudi kliniki kuomba pampu. Mkurugenzi alimkumbusha kwamba alilipwa.

"Na alisema kweli," Amissi anasema, anatazama chini. "Tena mutoto mwingine alikuwa amelala pale, anapumua. Ningeing'oa vipi?"

Ndipo alipouza friji mbili za karakana na kununua mashine mbili za oksijeni zilizokufa, ili apate moja iliyo hai. Mwanzoni alitaka kufunga pampu ya friji, kitu anachokijua hata usingizini. Dative alimzuia: ile ina mafuta, ingeyapuliza hadi kwenye mapafu ya watoto. Fundi mkubwa akakubali kufundishwa upya.

Mwezi Mei alikwenda shambani kwa Adélaïde kumwambia yote. Alijiandaa kutukanwa. Mama hakumtukana. Alimuuliza swali moja.

"Hiyo filtre ni ngapi?"

Alipotajiwa bei, alikaa chini palepale kwenye tope la shamba.

"Na hawakutuambia?" alisema. "Sisi ba kulima muchele tungechanga siku moja tu. Asubuhi moja."

Amissi anataka mashine iwe Buterere kabla ya mvua za Oktoba, pamoja na filtre tatu za akiba. Amekubaliana na Dative kutundika ubao wenye jina la kila kipuri, bei yake na nambari ya simu ya fundi, ili asiwepo tena mtu wa kusubiri barua ya tatu. Wao walifikiria kuutundika ukutani, juu ya vitanda vya watoto.

Adélaïde aliposikia alikataa. Anataka uwekwe nje, barabarani, mahali wanapopita hata wasio na mgonjwa.

"Apana ndani," alisema. "Mama mwenye mutoto anakufa hasomi."