Mluzi wa Gitaa Jekundu

Fundi alikuwa amechoka na watu. Magitaa hayakuwa na neno. Gitaa, hata liwe bovu kupindukia, hulala juu ya meza likangoja zamu yake. Wenye nayo ndio waliomtoa roho.

Na usifikiri ni magitaa ya maana. Ni yale ya umeme ya zamani, ya bei ya kutupa, yaliyotengenezwa kwa maelfu enzi za baba zetu ili yauzwe madukani pamoja na redio na majiko. Mwili wa mbao za tabaka, shingo nene kama mpini wa shoka, swichi kibao ambazo nusu yake hazikuwa na kazi yoyote tangu siku ya kwanza. Sasa, kwa maajabu ya dunia hii, yamekuwa ya fahari. Mtu analiokota stoo kwa shangazi yake, analipangusa vumbi, anakuja nalo kifua mbele: "Fundi, mali hii! Lirudishe lilivyokuwa." Lilivyokuwa! Lilikuwa bovu, ndugu yangu, tangu linatoka kiwandani.

Kulikuwa na daktari wa meno aliyetaka la kwake lipigike kama jipya lakini kutu isiguswe. Kulikuwa na mchungaji aliyeziba ufa wa shingo kwa gundi ya viatu, kisha akauliza kwa upole kwa nini gitaa linanuka. Kulikuwa na dereva wa lori aliyetaka gitaa lake "liwe na huzuni zaidi", na alipoulizwa huzuni ya namna gani akajibu, "Kwani fundi nani, mimi au wewe?" Siku hiyo Fundi alitoka nje akazunguka nyumba mara mbili ndipo akaweza kushika bisibisi tena.

Alivumilia yote hayo kwa sababu ya sikio lake. Mafundi wengine walikuwa na vile vidude vya kupimia sauti, vyenye taa ya kijani. Yeye hakutaka hata kuviona. Angegonga uzi mara moja, akafumba jicho moja, akasema, "Umepanda kidogo," nawe ukipima kwa kidude chako unakuta kweli umepanda kidogo. Wanamuziki walikuwa wakiwekeana dau juu yake, naye akijifanya hajui, huku kichwa kimevimba. Cheti hakuwa nacho, wala kibao mlangoni. Ukiuliza fundi wa magitaa mtaa ule, kati ya duka la kukata vioo na pale wanapotoa fotokopi, utaambiwa: mwenye sikio. Hilo ndilo jina lake, na ndiyo mali yake yote.

Ila tangu mwaka juzi wateja walizua wazimu mpya. Mluzi. Daktari wa meno alirudi akidai gitaa lake linapiga mluzi. Fundi akaliunganisha kwenye spika, akasikiliza, hakuna kitu. Akamwambia arudi nyumbani akapumzike. Mchungaji naye, mluzi. Dereva wa lori, mluzi. Fundi akaona hapa kuna namna, watu hawa wanaambukizana. Daktari wa meno hakurudi tena, mchungaji akahamia kwa kijana mmoja ng'ambo ya soko, na Fundi akasema waende salama, wasumbufu wakubwa.

Akabaki msumbufu wao mkuu: mpima ardhi mstaafu, mrefu, mkavu, shati limefungwa vifungo hadi kooni. Alikuwa na magitaa saba ya zamani, na lililomtesa Fundi ni lile jekundu. Jumanne hiyo alilirudisha mara ya nne.

"Mluzi upo palepale," alisema, hata salamu hakutoa.

"Bwana mkubwa, karibu kwanza."

"Nimeshakaribia. Mluzi upo."

Fundi akalichomeka gitaa kwenye spika, akafungua sauti mpaka mwisho, akaweka kiganja juu ya nyuzi zisitikisike. Ukasikika mvumo mdogo wa umeme, ule wa kawaida ambao magitaa hayo yanazaliwa nao. Basi.

"Haya, mluzi uko wapi?"

"Huo."

"Upi?"

"Huo unaolia sasa hivi, fundi."

"Hakuna kinacholia sasa hivi!"

"Unalia. Mwembamba, wa juu, kama birika linalokaribia kuchemka. Unaniingia kwenye meno."

Jamani! Mtu mzima, mvi kichwa kizima, amesimama katikati ya chumba ananyoosha kidole hewani kuonyesha sauti isiyokuwepo. Damu ilimchemka Fundi. Akapaza sauti kuelekea chumba cha pili, ambako mkewe alikuwa na cherehani yake.

"Mama watoto! Hebu njoo mara moja."

Mkewe akaja na futi ya kupimia shingoni, pini mbili mdomoni. Akasimama mlangoni. Akamtazama mumewe, akamtazama mpima ardhi, akalitazama gitaa.

"Unasikia mluzi wowote hapa?" Fundi aliuliza.

Mkewe alitoa pini mdomoni taratibu, moja, kisha ya pili. "Mimi sisikii kitu," alisema, akarudi kwenye cherehani yake.

"Umeona?" Fundi alipiga meza kofi. "Kapime ardhi yako, mzee mwenzangu. Mambo ya masikio tuachie wenyewe."

Mpima ardhi hakukasirika, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Alifungua kifungo kimoja cha shati, akakifunga tena. "Nakuachia," alisema. "Nitarudi Alhamisi. Nikiukuta, nalichukua na sirudi. Na wenzangu wakiniuliza kwa nini, nitawaambia: yule bwana sikio lake limekwisha."

Limekwisha! Fundi alibaki amesimama maneno hayo yakimchoma. Akakaa. Gitaa lilikuwa bado limechomekwa, sauti imefunguliwa yote.

Hapo akamwona mkewe akinyanyuka, akija kuusogeza mlango wa katikati. Ni jambo alilolifanya kila siku, Fundi hakuwahi kulitilia maanani. Lakini leo alikuwa na hasira, na mwenye hasira huona vitu. Mlango ule haufungi sawasawa, ukaacha upenyo. Kwenye upenyo akamwona mkewe akichomoa kipande cha pamba kwenye kopo la vifungo, akakigawa, akajitia masikioni. Kule kule kwa cherehani, mchana kweupe. Alikuwa akisema ni upepo, masikio yanamuuma upepo.

Fundi alinyoosha mkono akapunguza sauti ya gitaa. Mabega ya mkewe yakashuka. Akaifungua tena. Mabega yakapanda. Akapunguza, yakashuka. Akafungua. Kwake yeye hakukuwa na kitu, mvumo tu, na feni ikizunguka, na mtu wa vioo akikata kioo chake nje. Alirudia mara sita, saba, akimwendesha mke wake kwa kitufe cha sauti cha gitaa bila yeye kujua, na kila mara mabega yale yalisema ukweli.

Akang'oa waya. Akasukuma mlango.

"Tangu lini?"

Mkewe hakujitia hamnazo. Alichomoa pamba. "Mwaka juzi. Labda na kabla."

"Daktari wa meno?"

"Lilikuwa linapiga mluzi."

"Mchungaji?"

"La mchungaji ndilo lilikuwa baya kuliko yote, baba. Nilikuwa nikitoka kwenda kuanika nguo hata kama sina nguo za kuanika."

"Na mimi nimewatukana watu wale! Nimewafukuza mlangoni kwangu! Leo nimekuita, nimekuuliza mbele ya mtu, ukasema husikii. Umenificha!"

"Sijakuficha," mkewe alisema. "Nimekusitiri."

"Kuna tofauti gani?"

"Ningesema nini? Mbele ya yule? Kila mtu anakuita mwenye sikio, halafu mimi mkeo ndiye nitoke chumba cha pili niseme hapana? Nilikusitiri."

"Umenisitiri mpaka wateja wamekwisha!" alifoka, na alipofoka akajisikia mpumbavu, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani aliyejitia pamba masikioni miaka miwili kwa ajili yake. Alirudi mezani kwake akakaa ameinamisha kichwa. Nyuzi alizisikia. Sauti za watu alizisikia, honi, mvua, kila kitu. Ni kipande kile cha juu tu kilichoondoka, bila kuaga, na hakujua kingine kitaondoka lini. Alijisikia ameibiwa, tena akiwa macho.

Jumatano hakugusa kazi. Alilala chali kwenye mkeka, mkewe akashona kimyakimya, wakaongea habari za maji na umeme.

Alhamisi mpima ardhi alifika saa nne kamili, mkoba wa kubebea gitaa umeshafunguliwa zipu. Alikuja kuchukua, si kuuliza. Fundi alikuwa amekwisha kulichomeka gitaa, na pembeni ameweka kiti.

"Kaa," alisema.

"Sikuja kukaa."

"Bwana wee, nakuomba. Kaa." Akavuta pumzi. "Mluzi upo."

Mpima ardhi aliinua nyusi. "Umeusikia?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Fundi alitazama mikono yake, akatazama mlango wa katikati, akajua mkewe yuko nyuma ya mlango huo, amesimamisha cherehani.

"Sijausikia. Wala sitausikia. Ulivyosema juzi ni kweli." Akachukua kijiti cha mbao. "Nitagusa kitu kimoja kimoja. Wewe niambie mluzi ukikoma."

Mpima ardhi hakusema pole, wala hakucheka. Alikaa, akaweka mkoba chini, akainamisha kichwa upande kama alivyokuwa akiinamia darubini yake ya kazi. Fundi akagusa daraja la nyuzi.

"Bado."

Akagusa bati la swichi. Bado. Akabana springi moja, ya pili, ya tatu. Bado, bado, bado. Akabana kifuniko cha pikapu ya mbele, ile sumaku iliyozungushiwa waya inayonasa mlio wa nyuzi.

"Umepungua."

Basi akaifungua, akayeyusha nta, akaitumbukiza pikapu ndani mpaka mapovu yakaisha, ili nta ishike kila uzi wa waya usitikisike. Walingoja ipoe. Akairudisha, akachomelea waya zake, akafungua sauti yote. Kwake ilikuwa kama mwanzo: mvumo, feni, mtu wa vioo. Jasho lilimtiririka mgongoni.

Mlango wa katikati ukafunguka. Mkewe alisimama pale, macho yamejaa machozi.

"Umekoma, baba," alisema haraka. "Umekoma kabisa."

Mpima ardhi alitikisa kichwa. "Haujakoma. Upo mdogo, unatoka nyuma."

Fundi aliwatazama wote wawili: huyu aliyempenda tangu ujana wao, na yule asiyempenda hata kidogo. Alitaka sana mkewe awe ndiye msema kweli. Kisha akachukua bisibisi, akaligeuza gitaa mgongo juu, akamgeuzia mkewe kisogo na uso akauelekeza kwa mpima ardhi.

"Nyuma wapi?" aliuliza.