Kemshafti ya Ombati na Kilima cha Magwagwa

Siku hiyo naikumbuka kwa mlio wake kwanza, mwanangu. Kabla hatujaliona gari tulilisikia, likija kutoka upande wa Kisii likinguruma kama mafahali wawili wanaogombania zizi. Kuku walikimbilia migombani. Mimi niliacha uji wa wimbi ukafurika jikoni, nikatoka mbio nikipiga vigelegele, maana kwenye usukani alikuwa kaka yangu Ombati, na kesho yake tulikuwa tunaenda kumchukua bibi harusi!

Ngoja nikueleze kabla sijasonga mbele. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya Kerubo, binti wa kule Magwagwa, walikuwa ng'ombe wa mahari yangu mimi. Ndivyo kwetu Gusii: dada akiolewa, ng'ombe wake humwoza kaka. Kwa hiyo harusi ile nusu ilikuwa yangu. Na baba yake Kerubo, mzee Onchiri, mtu asiyerudia neno, alikuwa ametuambia: "Jua likifika utosini hamjaingia langoni kwangu, ng'ombe wenu mtawakuta wamefungwa nje. Muwachukue."

Sasa, Ombati alikuwa na pikapu ya kubebea ndizi na majani chai ya watu wa Gesima. Ilikuwa kuukuu lakini yenye kuvuta mzigo. Mwaka ule yalipita magari ya mashindano, yametapakaa matope, na Ombati akashikwa na homa ya mbio. Akaenda mjini kwa fundi Swaleh abadilishiwe kemshafti. Hicho ni chuma kirefu ndani ya injini, kina matuta kama ngumi. Kikizunguka, matuta husukuma vali, vile vilango vya injini, injini ikavuta pumzi na kutoa moshi. Tuta likiwa kubwa, pumzi nayo kubwa.

Swaleh alimwekea mbili mezani. Alinisimulia mwenyewe baadaye, huku akicheka.

"Hii ni ya kuvuta mzigo," akamwambia. "Hii nyingine ni ya kukimbia. Ya kukimbia, injini ikizunguka polepole haina nguvu, utadhani inalala. Barabara yako ni ipi, bwana?"

"Barabara yangu kesho ni ya harusi," Ombati akajibu. "Nifungie inayolia."

Basi asubuhi tukapanda. Mbele walikaa Ombati na baba yetu, mzee Nyachieo. Nyuma tulikuwa mimi, shangazi Kwamboka, wake wawili wa kaka zangu, Nyaboke na Bochaberi, na wazee wa ukoo watatu, pamoja na mikungu ya ndizi na vibuyu vya maziwa. Kwenye tambarare, ee, mwanangu! Upepo ulitupokonya vitambaa vya kichwa. Wazee waliimba. Bochaberi alipiga kelele, "Shemeji, ongeza!" na shemeji akaongeza. Sijawahi kufurahi vile mpaka leo.

Halafu kikaja kilima cha Magwagwa.

Pale barabara inapanda na kukunja, huwezi kukimbia. Lazima uingie polepole kwa gia ya kwanza. Ombati akapunguza mwendo. Ile injini iliyokuwa ikinguruma ikaanza kukohoa. Ikatetemeka, ikapiga chafya, ikazima. Akawasha. Ikazima tena.

"Shukeni tusukume," akasema, hatutazami.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Wewe kijana wa siku hizi huijui chinsoni, ile haya ya heshima kati ya mkwe na mkwe. Mke wa mwanao hugusani naye, humkaribii hata bega. Sasa baba yangu na Nyaboke wasukume pikapu moja wakiwa wamebanana kama ng'ombe joshoni? Haiwezekani! Shangazi Kwamboka akavua leso yake, akaitandaza katikati kama pazia. Baba akasukuma upande huu akitazama mashamba ya chai ya watu, wakwe wakasukuma upande ule wakitazama udongo, na shangazi akawa anatembea kinyumenyume na leso juu, akifoka:

"Wewe Ombati! Nani alikuambia umpe punda miguu ya swala?"

"Shangazi, inakimbia sana hii!"

"Naona. Inakimbia tukiisukuma."

Hata wazee walicheka mpaka wakaachilia gari, likarudi nyuma, tukapiga mayowe. Na jua lilikuwa linapanda.

Ombati akaona njia moja tu. "Bakini hapa wote. Likiwa tupu litapanda. Nitawahi mimi nimzuie mzee Onchiri." Tukashusha hata ndizi. Akarudi tambarare, akalipandisha kwa kasi likilia mpaka mawe yaliruka, akapotea kileleni. Alifika Magwagwa mapema kabisa, tena kwa kishindo!

Lakini akina mama wa kwao Kerubo walikuwa wameziba lango kwa mikono.

"Umekuja na nani, bwana harusi?"

"Wako nyuma."

"Nyuma ya nini? Sisi tunaona mwizi na gari. Baba yako yuko wapi? Shangazi yako yuko wapi? Kaa hapo."

Akakaa pale nje, suti yake imejaa vumbi, watoto wanamzomea. Sisi tulikuwa kilimani tunapanda kwa miguu, mikungu vichwani, tunakimbia, tunaimba ili tusisikie magoti. Tulipotokeza, mzee Onchiri alikuwa amesimama langoni anatazama kivuli chake, na kivuli kilikuwa kidogo kama sahani. Baba alitangulia. Alipokanyaga ndani, shangazi Kwamboka akapiga kigelegele kimoja hicho, na Kerubo akacheka ndani ya nyumba kabla hata hajatolewa. Tulikuwa tumewahi!

Jumatatu yake Ombati alirudi kwa Swaleh akachukua ile ya kuvuta, na pikapu ikabeba chai miaka mingi.

Kwa hiyo wewe unayetaka kufunga kemshafti ya mbio, mwanangu, nakuunga mkono, kwa maana ule upepo wa tambarare nilionja mwenyewe. Ila mbio za sakafuni huishia ukingoni. Usichague kwa sikio. Uliza kwanza injini yako hushinda ikizunguka polepole au kwa kasi, gari limebeba nini, njia ina vilima gani. Kama ni gari la mashindano, chukua tuta kubwa, na ufunge springi za vali na kabureta, ile ya kuchanganya petroli na hewa, zinazolingana nalo. Kama ni la kubebea watu na mzigo, chukua linaloamsha nguvu mapema, hata kama halitishi kuku. Na katika mambo mengine ya maisha fanya hivyo hivyo: nguvu unayoitafuta, iwe ni ile inayopanda na watu wako wote.

Mungu akuongoze mkono unapochagua, akulindie breki zako, na kila lango utakalofikia akupe wa kuingia nao.