Siku Bibi Nafasi alipompima kaka yake barabarani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanamke mfupi mwenye ovaroli ya buluu anachungulia chini ya basi lililoegeshwa mbele ya karakana. Anapiga teke tairi la mbele, anasikiliza, anahamia la nyuma. Anafuta vioo vya pembeni kwa kitambaa alichokitoa mfukoni, kisha anamgeukia dereva anayengoja mlangoni, mikono kifuani.

"Jana umelala saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Asubuhi umekunywa nini?"

"Chai. Si wewe ndiye uliyeimimina?" anajibu dereva, na mafundi wawili waliokuwa wakijifanya wanatafuta spana wanacheka.

Dereva huyo ni kaka yake wa tumbo moja, anayemzidi miaka sita. Leo yeye ni mwanafunzi na mdogo wake ndiye mtahini. Ndani ya basi lenye viti arobaini na vinane tumo wanne tu: wao wawili, mkuu wa madereva wa kampuni na karatasi zake, na mwandishi wa makala haya, aliyeamriwa kufunga mkanda kabla hata hajakaa vizuri.

Dada mtu ana miaka arobaini na sita na madereva wote humu wanamwita Bibi Nafasi. Hilo ndilo neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho jioni. Acha nafasi mbele, acha nafasi pembeni, jiachie nafasi ya kukosea. Wanasema hata kwenye foleni ya chakula husimama mbali na mtu wa mbele.

Kaka mtu ana miaka hamsini na mbili, ishirini na minne kati ya hiyo akiwa dereva wa basi, na njia kuu nzima inamjua kwa jina la Radi. Jina hilo hakupewa kwa upole wake. Sasa ni miezi saba hajabeba abiria hata mmoja. Anaosha mabasi ambayo zamani aliyaendesha, ndoo mkono huu na brashi mkono ule.

Ameshafanya mtihani wa barabarani mara mbili na kufeli mara mbili, na aliyemfelisha ni mdogo wake. Huu wa leo ni wa tatu na hakuna wa nne. Akishindwa, atabaki na ndoo yake hadi siku ya kustaafu.

"Ukoo mzima ulinijia juu," anasema Bibi Nafasi. "Shangazi alinipigia simu akaniuliza nina moyo wa aina gani. Nikamwambia, shangazi, huo moyo ndio umenifanya nimwandikie hapana."

Kampuni ilitaka kuleta mtahini mwingine ili kuondoa maneno. Aliyekataa ni Radi mwenyewe. "Huyu hana mswalie mtume," anasema, akimwonyesha mdogo wake kwa kidevu. "Akinipitisha yeye, hakuna atakayesema nimebebwa."

Kuna kichekesho humu ambacho wote wawili wanakijua. Aliyemfundisha Bibi Nafasi kushika usukani ni huyuhuyu Radi, kwenye uwanja wa mpira, kwa pikapu ya kuazima. Goli moja liliangushwa siku hiyo na hadi leo kila mmoja anamsingizia mwenzake.

Baada ya kupata leseni, Bibi Nafasi aliendesha lori lenye tela kwa miaka kumi na saba. Miaka minne iliyopita aliliacha akaja kufundisha hapa, kwa mshahara ambao ni kama theluthi mbili ya aliokuwa akipata kwenye lori. Tangu hapo amewapitisha madereva mia mbili na kumi na watatu. Ukimuuliza kwa nini alikubali kushuka mshahara, anasema alichoka kuona mabaki ya magari ya watu aliokuwa akiwapungia mkono.

Ufundishaji wake ni wa mdomo. Dereva akishaondoa basi, lazima atangaze kila anachokiona na kila ubaya unaoweza kutokea, mfululizo, kama mtangazaji wa mpira redioni. Akinyamaza zaidi ya pumzi tatu, anaambiwa aegeshe.

"Mtu anayenyamaza anaona nusu," anaeleza. "Macho yapo barabarani, akili iko kwenye ada ya shule. Mdomo ukifanya kazi, akili haipati ruhusa ya kwenda kutembea."

Madereva walimcheka sana mwanzoni. Mmoja aliizoea tabia hiyo hadi akawa anatangaza nyumbani: "Sufuria mbele, mpini umeelekea kwa mtoto, naugeuza." Mkewe alikuja karakana kuuliza mumewe anafundishwa nini, na alipoelezwa akaomba waume wengine pia wafundishwe.

Tunatoka getini. Radi anaanza kwa sauti ya mtu anayelazimishwa kuimba.

"Pikipiki mbele, mzigo umemzidi, anaweza kuyumba, nampa upana. Mama na watoto wawili kushoto, wanaangalia kwingine, hawajaniona, napunguza. Basi dogo limesimama, mlango uko wazi, kuna mtu atachomoza mbele yake. Naam, huyo hapo."

Kweli, mtu mwenye mfuko wa viazi amechomoza mbele ya basi dogo, akavuka bila kututazama. Radi alikuwa ameshapunguza mwendo muda mrefu. Mkuu wa madereva anaandika kitu.

Kwenye njia kuu magari yamejaa. Malori yanafuatana, magari madogo yanajichomeka, kila mtu ana haraka ya kwake. Radi anachagua nguzo ya taa, anasubiri gari la mbele liipite, anahesabu taratibu hadi nne kabla ya basi letu kuifikia. Mtu akijichomeka katikati, anapunguza mwendo na kuhesabu upya. Amechomekewa mara tisa. Mara ya tisa alisema neno ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa.

"Tangaza barabara, usitangaze watu," anasema mwalimu.

"Sawa, mwalimu," anajibu Radi. Ilimchukua wiki mbili kulitamka neno "mwalimu". Kabla ya hapo alikuwa anamwita "mdogo wangu" mbele ya darasa zima.

Ajali iliyomtoa barabarani haikutokana na pombe wala usingizi. Ilitokana na adabu ya njia kuu, na ndiyo maana inamuuma Bibi Nafasi kuliko nyingine zote.

Madereva wa malori wana ada yao. Ukiwa nyuma ya lori refu huoni mbele, lakini dereva wake anaona. Basi anakusaidia: akiwasha taa ya kulia anakuambia usithubutu, kuna gari linakuja. Akiwasha taa ya kushoto anakuambia pita, kweupe. Unapita, unampigia honi fupi ya asante, maisha yanaendelea. Hakuna chuo kinachofundisha jambo hilo na hakuna dereva wa masafa asiyelijua.

Siku hiyo Radi alikuwa nyuma ya lori la saruji kwenye mwinuko. Lori likawasha taa ya kushoto, akakanyaga mafuta. Kumbe mwenye lori hakuwa akimwambia lolote. Alikuwa anaegesha, tairi lake lina pancha. Kwenye kona likatokea lori la mafuta.

"Nilichagua mtaro," anasema Radi. Anasema hivyo tu na kunyamaza, na safari hii mwalimu hamwambii aegeshe, kwa sababu tulikuwa tumesimama kituoni kunywa maji.

Abiria walikuwa thelathini na wanane. Hakufa mtu. Kumi na mmoja waliumia, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi alivunjika mkono wa kuandikia. Radi alikwenda kumwona hospitali mara nne. Mara ya nne, anasema, yule mama alimpa daftari la mwanafunzi amshikie wakati akisahihisha kwa mkono wa kushoto.

"Na mimi nimewawashia watu taa hiyo miaka kumi na saba," anasema Bibi Nafasi, akifunga chupa yake ya maji. "Nilijiona mtu mwema. Siku moja nikamwashia mwenye kijigari, kumbe mbele anakuja mtu wa pikipiki ambaye sikumwona mapema. Alipona kwa upana wa kiganja. Tangu hapo simkopeshi mtu macho yangu, wala sikopi ya mtu."

Katika mitihani miwili ya kwanza, Radi alifanya vizuri kila kitu hadi taa ya kushoto ilipowaka mbele yake. Mara zote mbili aliifuata. Mara zote mbili kulikuwa kweupe na hakuna baya lililotokea. Mara zote mbili mdogo wake aliandika hapana.

Tunarudi barabarani. Kilomita kumi na mbili mbele, barabara inaanza kupanda, na mbele yetu kuna lori la mbao linalojikongoja. Nyuma yetu imejipanga foleni. Mtu anapiga honi, mwingine anamuunga mkono.

Lori linawasha taa ya kushoto.

Radi ananyamaza. Pumzi moja, mbili. Mikono yake imebana usukani na jasho limemtoka shingoni. Mkuu wa madereva ameacha kuandika. Bibi Nafasi anatazama mbele, ameshika ukingo wa kiti chake kwa vidole vyote. Kusema kweli, mwandishi naye alikuwa roho mkononi.

"Lori limewasha taa ya kushoto," anasema Radi, sauti ikiwa chini. "Huenda ananikaribisha. Huenda anaegesha. Mimi mwenyewe naona mbao tu. Nabaki nyuma, natafuta nafasi yangu."

Mguu wake unaachia mafuta. Basi linapunguza mwendo, na pengo kati yetu na lori linapanuka taratibu.

Dereva wa lori hakuelewa. Akawasha tena. Kisha akatoa mkono dirishani akatupungia tupite, kwa hasira ya mtu aliyekaribisha wageni wakakataa kuingia. Radi akainua kiganja kumshukuru na kubaki nyuma yake. Gari dogo lililokuwa nyuma likatupita sote na kutokomea salama.

Kilomita tatu nzima tulifuata zile mbao. Tulipofika juu, barabara ya upande wa pili ilikuwa imenyooka hadi macho yalipoishia. Hapakuwa na hata baiskeli.

"Kumbe ilikuwa nyeupe," anasema Radi, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

"Ilikuwa nyeupe," anakubali mwalimu. "Uliiona?"

"Sikuiona."

"Basi."

Mkuu wa madereva anatazama saa yake. "Tumechelewa dakika nne."

"Abiria wangapi wamelalamika?" anauliza Bibi Nafasi.

"Mmoja," anasema mkuu. "Mimi."

Tunageuza kwenye kituo cha mafuta. Mkuu wa madereva anasema upande wake wa karatasi ameshaujaza, imebaki sehemu ya mtahini, na wote tunaanza kupumua kawaida. Jua limepanda, kiti cha mwandishi kina joto zuri, na Radi anatangaza sasa bila kulazimishwa, kama mtu anayesimulia mtaa wake.

Karibu nusu ya njia ya kurudi, namwona Radi akitupa jicho kando yake. Sauti yake inashuka, inashuka zaidi, inakuwa mnong'ono.

"Trekta mbele, halina taa za nyuma, naliachia umbali," ananong'ona. "Ng'ombe wawili kulia, kamba ni ndefu, napunguza."

Bibi Nafasi amelala. Kichwa kimeegemea dirisha, mdomo uko wazi kidogo, na anakoroma. Mkuu wa madereva anainuka nusu ili amwamshe, Radi anainua kidole kimoja kumzuia bila kuacha kutazama barabara. Kwenye matuta alivuka polepole hivi kwamba hata chupa iliyokuwa sakafuni haikubingirika. Alinong'ona hivyo hadi getini, dakika hamsini, bila kunyamaza pumzi tatu.

Basi linaposimama, mwalimu anashtuka, anafuta mdomo kwa mkono wa ovaroli na kututazama mmoja mmoja kama tumemfanyia njama.

"Mtahini amelala kazini," anasema mkuu wa madereva, akimkabidhi karatasi. "Niandike nini, kwamba ulikuwa unakoroma?"

"Andika hivyohivyo, mkuu. Ni kweli."

Swali la mwisho kwenye karatasi hiyo ni moja: je, mtahini yuko tayari kusafiri na dereva huyu? Bibi Nafasi anaishika kalamu muda mrefu. Mafundi wameacha spana na wanatazama waziwazi.

"Nina leseni mwaka wa ishirini na moja," anasema hatimaye, na kwa mara ya kwanza leo sauti yake si ya darasani. "Mwingine akishika usukani, mguu wangu wa kulia unakanyaga breki isiyokuwepo. Kwa madereva mia mbili na kumi na watatu sijawahi kusinzia. Mume wangu tumezunguka naye kila mahali na sijawahi kusinzia. Leo sijui hata tumepita wapi."

Anaandika, anasaini, anampa kaka yake karatasi. Pale penye swali la mwisho kuna maneno mawili: *Ndiyo. Nimelala.*

Radi anasoma. Machozi yanamtoka mbele ya karakana nzima na wala hayafuti. "Ahsante, mwalimu," anasema, na mdogo wake anamvuta sikio kama mtoto, kisha anamkumbatia.

Kuanzia mwezi ujao, Bibi Nafasi anataka kwenda kila Jumatatu kwenye maegesho ya malori kuwaomba madereva waiache ile taa ya kushoto. Anajua watamcheka. Amemwomba Radi aende naye, kwa kuwa kaka yake ana kovu la ajali ile begani la kuwaonyesha, na Radi amekubali.

Lakini kabla ya hapo kuna Ijumaa, saa moja asubuhi, Radi atakapoondoka na basi lililojaa. Kiti namba saba, cha dirishani, kimeshakatiwa tiketi.

"Nimenunua mto mdogo wa shingo," anasema Bibi Nafasi. "Nataka nilale tangu getini."