Ukuta Aliolalia Karani

Huyu ni Fundi Sponji, kitinda mimba wa mama yetu, niliyembeba mgongoni kabla hajajua kutambaa. Baba yetu alikuwa seremala, na madawati ya shule tuliyosoma aliyapiga randa yeye. Babu yetu alichonga mipini ya majembe ambayo watu waliifuata kutoka mbali. Sponji mwenyewe alitengeneza viti vya ukumbi wa sinema kabla haujageuzwa ghala, makochi ya nusu ya nyumba za mtaa huu, na kile kiti cha kinyozi ambacho mpaka leo ukikikalia unasinzia kabla wembe haujakugusa. Mteja akija, humwambia, "Kaa kwanza." Mteja hukaa kwenye kigoda, naye humzunguka akimtazama mabega na nyonga, ndipo akate sponji. Hakuna aliyewahi kurudisha kochi lake akidai linamuumiza. Nayasema haya mapema ili mtu asicheke atakaposikia alivyoshindwa na mbwa.

Mbwa aliitwa Karani. Jike, rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limelala. Aliingia karakana angali mdogo, akakaa mlangoni akimkodolea macho kila mteja kana kwamba anamwandikisha, na jina likatokea hapo. Pa kulala alijichagulia mwenyewe: chini ya benchi la kazi, juu ya kipande cha gunia, mgongo umeegemea ukuta wa nyuma. Atazunguka pale pale, akwaruze gunia, azunguke tena, halafu ajiachie puu kama mzigo uliotuliwa, na kutoa pumzi moja ndefu. Baada ya pumzi hiyo, piga nyundo upendavyo. Miguu itachezacheza, midomo itatetemeka, na Sponji atawaambia wateja, "Mwacheni, yuko safarini."

Wakazeeka wote wawili. Karani akawa kiziwi, nyonga zikawa nzito. Mdogo wangu naye kifua kikaanza kumbana, maana vumbi la sponji na harufu ya gundi amevivuta maisha yake yote.

Halafu Karani akaacha kulala. Yaani hulala, lakini si usingizi. Atajilaza chini ya benchi, ainuke. Aende mlangoni, ajinyooshe juu ya saruji, wateja wamruke. Atoke hapo, arudi benchini, asimame tu, kichwa chini, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata. Viwiko vikaota sugu, sugu moja ikapasuka ikawa kidonda. Mchana alikuwa anasinzia wima, anayumba, anashtuka.

Sponji alisema hili ni jambo dogo, kwani kazi yake ni ipi? Akakata sponji nene, ile ya makochi ya wakubwa, akaivalisha mahameli nyekundu iliyobaki kwenye kochi la bwana mmoja. Tukamweka Karani juu yake. Akazama mpaka tumboni. Miguu ikawa inatafuta pa kukanyaga haipati, anapiga makasia kama anayezama mtoni, kisha akalia. Mdogo wangu alimtoa na hakunitazama usoni.

"Fundi," kinyozi akamwambia kutoka ng'ambo ya barabara, "mimi na mke wangu tunalalia mkeka, na bado tunakoroma. Huyo ana mahameli."

"Wewe nenda kanyoe."

"Namnyoa nani? Wateja wote wako hapo kwako wanatazama mbwa."

Sponji akatengeneza kitandiko kingine, kigumu kidogo, chenye kingo pembeni za kumkinga na upepo. Karani akajikwaa kwenye ukingo, akaangukia kile kiwiko chenye kidonda. Kingo zikakatwa. Kikaja kitandiko chembamba, cha chini kabisa, mtoto wa paka angekipanda, lakini gundi ilikuwa bado mbichi, na Karani alikinusa, akapiga chafya, akaenda zake.

"Mrudishie gunia lake," nikasema.

Akamrudishia gunia lile lile, mahali pale pale. Karani alizunguka, akakwaruza, akajiachia, akaegemeza mgongo ukutani. Tukajua yamekwisha. Mara akainuka kama aliyemwagiwa maji.

Tulimwita daktari wa mifugo, binti mpole mwenye mikono ya taratibu. Alimkanda nyonga, akasafisha kidonda, akatoa dawa ya maumivu. Akasema tandiko liwe gumu kiasi, la chini, mbali na upepo, mahali anapoweza kuona watu bila watu kumruka. Kisha akauliza swali ambalo tungelijibu vizuri, tungeokoa mengi.

"Mzee, mbwa wa umri huu anatakiwa kulala zaidi, si kupungukiwa. Hapa karakana, nini kimebadilika?"

"Hakuna," Sponji akajibu. "Benchi ni lile, gunia ni lile, na mimi ndiye huyu huyu, ila nimekunjamana."

Binti akanitazama na mimi. Nikasema, hakuna.

Jibu lilikuja na Mama Mikate. Huyu alikuwa jirani wetu wa nyuma, tukigawana naye ukuta mmoja, yeye na tanuri lake upande ule, sisi na benchi upande huu. Alihama kabla mvua hazijaanza, mwenye chumba alipotaka kuweka mifuko ya saruji. Siku hiyo alipita kutusalimu. Alikuja amebeba mikate kifuani kama kawaida yake, akaongea, akacheka, akaegemea ukuta wa nyuma, na papo hapo akajitoa.

"Lo, umepoa hivi? Mgongo wa tanuri langu ulikuwa hapa hapa. Moto nilikuwa nauwasha alfajiri, na mpaka kesho yake ukuta una joto."

Mdogo wangu alipiga magoti, akatambaa chini ya benchi, akabandika kiganja ukutani pale penye alama ya mafuta ya manyoya. Alikaa humo hadi Mama Mikate akaanza kunikonyeza. Alipotoka alisema, "Nimepima mabega ya watu wote hawa, dada. Ukuta sikuupima."

"Basi nikuachie mgongo wangu," Mama Mikate akasema, "nao una joto, ila unakoroma."

Tulicheka, lakini kicheko hakikwenda popote. Tanuri hulihamishi kama kabati. Chumba kilikuwa kimejaa saruji mpaka darini.

Ndipo tukaanza mambo ya chupa. Maji ya moto, chupa ndani ya soksi nene ili isimwunguze, unazipanga nyuma ya mgongo wake. Mara ya kwanza Karani alizinusa, akazunguka, akajiachia, akatoa ile pumzi. Mdogo wangu aligeukia dirishani akajifanya anatafuta uzi. Lakini tanuri lilikuwa halipoi, chupa zinapoa. Zikipoa Karani anaamka, na akianza kutangatanga Sponji naye anaamka, anawasha jiko, anakohoa. Alikuwa ameshaacha kurudi nyumbani. Akawa analala karakana, ndani ya vumbi lile lile aliloambiwa na daktari wa kifua alikimbie.

Binti yake alipofika asubuhi moja alimkuta baba yake amelala kwenye saruji, mgongo wake umebanana na mgongo wa mbwa, chupa zimepoa kando.

"Shangazi," akaniambia, "umemwacha baba alale chini?"

"Nimfanyeje, nimchape? Muda wa kumchapa nilikuwa nao, ukaisha."

Hakucheka. Alikuwa ameshaongea na daktari wa kifua: karakana ifungwe, baba ahamie kwake. Kwake ni ghorofa ya tatu, mwenye nyumba hataki mnyama hata kuku, na Karani ngazi moja tu haipandi.

"Kuna sindano, baba," akasema kwa sauti ndogo. Si binti mbaya, alilia akisema. "Apumzike tu."

"Hajaomba kufa, mwanangu. Ameomba ukuta."

Basi ikawa kwangu. Nyumbani kwangu mbwa hajawahi kuvuka kizingiti, na mtaa mzima unajua. Mdogo wangu hakuniomba. Alikuja tu na Karani kwenye mkokoteni, na kile kitandiko chembamba, ambacho kwa kuanikwa juani kilikuwa kimekwisha harufu ya gundi, akakitandika jikoni kwangu, karibu na ninapoweka jiko la mkaa. Nikasogeza meza kumpa nafasi.

Binti alikuwa nje na teksi, mizigo imeshapakiwa. Sponji alisema ataondoka Karani akilala. Karani akazunguka. Akanusa miguu ya meza yangu, akaenda mlangoni akasimama akitazama upande wa karakana, akarudi. Tukasubiri. Akakwaruza kitandiko, akaondoka tena. Honi ikalia mara moja, kwa aibu. Mdogo wangu, aliyelaza mtaa mzima, akasimama pale jikoni kwangu, mikono haina pa kwenda.

Kisha akatoka, akarudi na kigoda nisichowahi kukiona, kifupi, kina mto wa ngozi na egemeo dogo. Nikakikalia. Kilinishika kiuno pale pale panaponiuma, nami sijawahi kumwambia mtu panaponiuma.

"Umenipima lini?"

"Nakutazama tangu nizaliwe."

Akachuchumaa mbele yangu, akikohoa, akangoja kikohozi kipite.

"Hasikii, dada. Chupa zikipoa usimguse ghafla, ataruka aumie nyonga. Piga mguu chini kwanza, taratibu, sakafu imwambie unakuja, ndipo ubadilishe."

"Na asipolala?"

Alimtazama Karani, aliyekuwa amesimama kati yetu akiyumba, macho yanafumba na kufumbuka.

"Kaa hapo kwenye kigoda, uweke mgongo wake kwenye miguu yako. Usiondoke mpaka atoe ile pumzi."