Neno Alilolifuta Mwenyekiti

Samwel Chitemo, mzaliwa wa Mamboya, hakuwahi kukanyaga kilabu cha pombe, na alipenda mno jambo hilo lijulikane. Miaka ishirini na miwili aliendesha mashine ya kuchakata mkonge katika shamba moja nje ya Kilosa, na sita ya mwisho alikuwa pia mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi. Mtu mwema, sikatai. Ila wema wake ulikuwa na shingo ngumu.

Siku moja mlevi aliwasha mashine wakati mwenzao Petro ameingiza mkono kuondoa nyuzi zilizokwama. Petro akabaki na vidole viwili. Mwaka huohuo chama na mwajiri walikuwa wakijadili upya mkataba wa hali bora. Rasimu ya mwajiri ilisema atakayekutwa na kilevi mwilini apewe onyo kwanza, akirudia afukuzwe. Aliyeshika kalamu na kulifuta neno "onyo", ili mtu afukuzwe mara ya kwanza tu, alikuwa kiongozi wa wafanyakazi wenyewe. "Petro hakuonywa," Samwel alisema, na nani angembishia?

Wa kwanza kunaswa alikuwa Nikolaus wa Vidunda, aliyetoka kumzika mama yake na pombe ya matanga haijamtoka. Alimwendea Samwel, kofia mkononi.

"Mwenyekiti, niombee."

Samwel alimjibu kwamba mkataba haujui matanga. Nikolaus sasa anaosha malori Mikumi, na atakayekuambia anaosha kwa furaha amekudanganya.

Kisha ikaja Jumatano ya Majivu. Mvua iliwazuia waumini wengi kufika ibada ya alfajiri, na kasisi alikuwa ameshabariki divai ya kanisa zima. Divai iliyobarikiwa haimwagwi. Lazima inywewe palepale. Kasisi alikuwa na safari ya pikipiki kwenda ibada nyingine, hivyo alimpa kikombe Samwel, mzee wa kanisa, kama ilivyokuwa desturi yao. Samwel alikimaliza, akafuta mdomo, akaenda kazini na majivu yake kwenye paji la uso. Haikumpitia kichwani kwamba amekunywa pombe. Kwake ile ilikuwa damu ya Bwana.

Getini mlinzi alimpa kipimo apulize, kama kila asubuhi. Kikalia. Akapuliza tena, kikalia tena.

Bibiana wa ofisi ya utumishi alishindwa kumtazama usoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nakuamini kabisa. Lakini mkataba hauniulizi ulikunywa nini wala wapi. Ningekupa onyo, na onyo halimo."

Akamweleza kwamba meneja yuko tayari kulirudisha neno hilo, wafanyakazi wakiafiki. Wakitaka lianze kutumika leo, yeye Samwel atabaki kazini.

Mkutano uliitishwa mchana, kwenye banda la kuhifadhia mkonge. Joha, katibu wa tawi, alieleza yote bila kupunguza, kasisi naye akasimama kushuhudia. Samwel alikaa mbele akiwatazama watu aliowapigania hadi wakapata buti na glavu. Aliamini hawatamtupa. Inauma kusema, lakini aliamini kabisa.

Ntutu, mkata mkonge, aliomba nafasi.

"Onyo lirudi, nami nalitaka. Ila lianze kesho. Nikolaus alimlilia huyu mzee, na hakusikilizwa."

Joha aliuliza wanaotaka lianze leo. Ikanyooshwa mikono mitatu, mmoja wa kasisi, ambaye hakuwa na kura.

"Wanaotaka lianze kesho?"

Banda zima likanyoosha. Samwel aligeuka akaitazama mikono ile, ya watu aliowajua kwa majina na kwa watoto wao. Akatafuta kosa lao, asilione, na hilo ndilo lililomkata maini. Naye akanyoosha wake.